Marehemu Aliyeendelea Kuandika

Jarida la Zeituni na Udongo lilitoka mara mbili kwa mwaka mjini Sfax, na mara zote mbili lilichelewa. Mhariri wake, Dokta Neziha Ellouze, hakuwa mtu wa kuchelewa. Walichelewa wahakiki. Msomi akipelekewa makala ya mwenzake aikague kabla haijachapwa, kwanza hukaa nayo mpaka aisahau, akikumbushwa huudhika, halafu huisoma kwa pupa na kuandika kwamba mwandishi amefanya haraka.

Uhariri ulikuwa kazi ya heshima, yaani ya bure. Riziki ya Neziha ilitoka kwenye ualimu wa taasisi, na mabaki ya maisha yake yaliingia jaridani. Aliishi peke yake njia ya Gremda, aliendesha gari dogo ambalo mlango wake mmoja ulifunguka kwa nje tu, na chakula cha mchana alikila mezani pake ofisini: mkate wa shayiri, mafuta ya zeituni, na samaki wa kopo ikiwa ni mwanzo wa mwezi. Hakupenda makala zenye shukrani ndefu. Hakupenda neno "kwa hakika" kwenye jambo ambalo halijahakikishwa.

Sheria ya kwanza ya jarida ilikuwa kwamba mhakiki asimjue mwandishi, wala mwandishi asimjue mhakiki. Majina aliyafuta mwenyewe kwa mkono wake. Ila watu wanaosoma udongo wa mizeituni nchi nzima hawajazi mabasi mawili, na wote walifundishwa na walimu walewale. Makala isiyo na jina ilimfikia mhakiki asubuhi, na jioni jibu likaja: "Mwambie Kamel amejitahidi, na mama yake anaendeleaje na goti?" Neziha aliudhika kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Aliyafuta na majibu hayo pia, habari ya goti ikiwemo.

Alikuwa mkali, na ukali wake haukuchagua. Aliwahi kuikataa makala ya binamu yake, shangazi akamnunia mpaka Idi ya pili. Aliwahi kumfuta mkuu wa idara kwenye kazi ya wanafunzi, baada ya kumwuliza mbele yao, kwa adabu kabisa, yeye alifanya nini humo. Kwa Neziha, mwenye jina juu ya makala ni lazima awe ameifanya kazi na awe tayari kuijibia. Hilo alilisema mara nyingi hata wanafunzi wakawa wanamwigiza, mkono kiunoni, miwani puani.

Mtu aliyeweza kumlainisha alikuwa mmoja tu, Profesa Taoufik Kallel aliyemfundisha. Mzee huyo alikuwa akionja udongo kwa ncha ya ulimi kabla hajaupeleka maabara, na mara nyingi maabara ilikubaliana naye. Zamani, baba yake Neziha alipotaka binti aache shule aolewe, Profesa alikwenda nyumbani kwao, akaketi, akanywa kahawa. Hakutoa hotuba yoyote. Alirudi kesho yake akanywa tena, na keshokutwa, mpaka mzee Ellouze akachoka kumkaribisha akasema mtoto asome, bwana, kahawa itatufilisi. Profesa na mkewe, Bi Emna, ambaye kwa heshima wote walimwita Lella Emna, hawakujaliwa mtoto. Wanafunzi ndio waliokuwa watoto, na Neziha kati yao alikuwa kama kifungua mimba.

Profesa alifariki kiangazi, kwa moyo, akiwa amesimama dukani ananunua mbegu za alizeti za kutafuna. Maabara akaachiwa Anis Mhiri, mwanafunzi wake wa mwisho. Anis alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na kelele. Alilia makaburini kuliko mjane.

Mwaka na kitu baadaye Anis aliingia ofisini kwa Neziha na makala. Ilihusu maji meusi yanayotoka kwenye vinu vya kukamulia zeituni, yale yanayonuka na ambayo hakuna ajuaye ayatupe wapi. Kwa misimu mitatu, ilisema makala, walikuwa wakiyamwaga kwa kipimo kwenye shamba la mizeituni, na miti haikudhurika. Kipimo chenyewe kilikuwa kikubwa. Wenye vinu wangefurahi sana.

Neziha alisoma majina. "Waandishi wanne," alisema. "Mmoja yuko makaburini."

"Ndiyo, dada."

"Na alikufa kabla ya msimu wa tatu."

"Dada Neziha, utafiti aliuanzisha nani? Shamba alilichagua nani? Misimu miwili alikuwa nasi kwenye tope, mzee wa watu, suruali imekunjwa mpaka magotini."

"Sikatai. Basi tumweke, na chini tuandike amefariki, na tarehe. Ndivyo inavyofanywa."

Anis alishusha sauti. "Lella Emna anaisoma. Anaisoma kila makala, herufi kwa herufi, na miwani ya marehemu. Unataka akutane na tarehe hiyo humo? Wenzetu wote wamemwacha hivihivi."

Hilo lilikuwa kweli. Maabara ya Anis ilikuwa imeshachapisha makala zenye jina la Profesa kwenye majarida mengine kadhaa. Tangu afe alikuwa ametoa makala nyingi kuliko alipokuwa hai, maana akiwa hai alikuwa mzito wa kuandika.

"Mwanadamu akifa," Anis akaendelea, "amali zake zinakatika isipokuwa mambo matatu. Sadaka yenye kuendelea: mshahara wetu unaujua. Mtoto mwema wa kumwombea: hakuwa naye. Imebaki nini?"

"Elimu yenye manufaa," alisema Neziha, kwa sababu kila mtu anajua jibu.

"Basi mwachie hiyo, dada."

Angekuwa mtu mwingine angefukuzwa na makala yake. Lakini Neziha alimwona mzee amekaa sebuleni kwao na kikombe, hasemi kitu, siku baada ya siku. Akaiacha makala kama ilivyo. Hakuandika kwamba mtu amekufa. Ni kosa jepesi kulitenda, kwani halihitaji hata kuinua kalamu.

Makala ikaenda kwa wahakiki wawili, majina yamefutwa barabara. Wa kwanza alijibu upesi, jambo lililotakiwa kumshtua yeyote. "Makala ni nzuri, ipite," aliandika. "Mwenyezi Mungu amrehemu na amlaze mahali pema." Wa pili alitaka kazi zake mwenyewe mbili zitajwe, kisha akaongeza kwamba sisi sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Hakuna kati yao aliyeuliza habari ya majedwali. Nani atamsahihisha maiti? Neziha aliyasoma majibu hayo, akajua kwamba hayakuwa uhakiki bali matanga, akayapokea.

Siku ya Maulidi Lella Emna alikuja ofisini na bakuli la asida nyeusi ya mbegu za msonobari, imepambwa lozi juu. Kwapani alikuwa na jarida, limefungwa kwenye kitambaa.

"Nimeona Taoufik katoa kitu kipya," alisema, kama mtu anayezungumzia mume aliyesafiri.

"Ndiyo, Lella."

"Maji meusi. Tangu tuoane ananiambia habari za maji meusi. Nilikuwa nasinzia."

Akacheka, na Neziha akacheka, asida ikaliwa.

Majira ya kuchipua simu ilitoka Meknès. Mpigaji alikuwa Dokta Driss Ouazzani, mtu wa udongo na yeye, ambaye Neziha alimjua kutoka kwenye mikutano. Alianza na salamu ndefu za Kimoroko, hali, afya, wazazi, hali tena.

"Dada yangu," alisema hatimaye, "huenda macho yangu yamezeeka. Hebu litazame jedwali la msimu wa tatu. Halafu la pili."

"Yana nini?"

"Ni jedwali moja. Vipande vya shamba vimepangwa upya tu, cha juu kimewekwa chini. Mvua hainyeshi sawasawa miaka miwili mfululizo, dada. Hata Peponi nadhani wanabadilishiwa kidogo."

Neziha alikuwa ameshafungua kurasa zote mbili.

"Nisingekusumbua kwa karatasi," Driss akasema, na sasa utani ulikuwa umemwisha. "Nimeyamwaga maji hayo shambani kwangu. Safu nzima ya miti michanga inakauka. Kipimo kilinitia shaka, nikajiambia, Taoufik Kallel ametia jina lake, wewe nani? Nikamwaga. Huku wengine pia wanataka kumwaga. Huko kwenu je?"

Huku kwetu wenye vinu walikuwa wameipiga picha makala na kurushiana kwenye simu.

Neziha alimwita Anis. Alikuja na tabasamu, akaonyeshwa majedwali mawili, tabasamu likamtoka. Msimu wa tatu, alisema, mashine ya kupimia iliharibika, fedha ya kuitengeneza haikuja, na faili lake la kupandishwa cheo lilikuwa linatakiwa Tunis. Alisema yote hayo akitazama dirisha. Halafu akafanya jambo ambalo Neziha hakulitazamia kutoka kwa mtu aliyelia vile makaburini.

"Lakini majedwali yalikuwa kazi ya Profesa," alisema.

"Anis."

"Ndivyo tulivyogawana. Majedwali, Profesa."

"Profesa alikuwa kaburini, wewe! Ulimwaga udongo kwa mkono wako!"

"Makala haisemi hivyo, dada." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna mahali inaposema amekufa. Wewe ndiye hukuandika."

Nisiseme kwamba Neziha alimpiga kofi, maana hakumpiga. Alitamani.

Bodi ya jarida ilikutana. Mwenyekiti, Profesa Ridha Zghal, alikuwa mtu wa kulainisha mambo, na alikuwa amelainisha mengi hata hayakubaki na umbo. Alikuja na tangazo tayari: makala inaondolewa kwa sababu ya kosa katika hesabu zilizoandaliwa na Profesa Kallel.

"Tufikiri kwa utulivu," alisema. "Anis ana watoto na faili lake liko Tunis. Jarida lina sifa yake. Wewe, Dokta, una kiti chako, na hakuna anayetaka kukiona kitupu. Marehemu anangoja cheo gani?"

"Hakufanya kosa hilo."

"Nani amesema alifanya kwa makusudi? Mzee, macho, uchovu. Angekuwepo angetusamehe, unamjua."

"Asiyekuwapo na lake halipo," mjumbe mmoja akachangia, na wote wakaona limesemwa vizuri.

Neziha aliomba apewe mpaka wiki ijayo. Nami sitampamba: alikipenda kile kiti. Hakuwa na mume wala mtoto wala shamba. Alikuwa na jarida. Akiandika kwamba Profesa alikuwa ameshakufa, atalazimika kuandika pia kwamba mhariri alijua. Usiku huo na uliofuata alijaribu kuyakubali maneno ya mwenyekiti, na shida ni kwamba alikaribia kuweza.

Akaenda kwa Lella Emna. Ukimwuliza leo atakwambia alikwenda kumtaarifu. Alikwenda kutafuta ruhusa, ya upande wowote ule.

Lella Emna alikuwa barazani anavunja lozi kwa jiwe. Alitia kahawa tone la maji ya maua, akasikiliza kisa chote, majedwali na mashine na mwenyekiti, huku jiwe likipanda na kushuka.

"Kwa hiyo watasema Taoufik kakosea," alisema.

"Ndivyo wanavyotaka."

"Na wewe unataka kusema nini?"

"Kwamba hakuwepo."

Jiwe likasimama. "Basi acha waseme kakosea."

"Lella!"

"Nini? Alikuwa akikosea! Alininunulia kiwanja cha chumvi tupu akaniambia kitaota waridi. Alikosea njia ya Tunis, na njia ya Tunis ni moja. Mtu anayekosea si yupo?" Aliikusanya lozi iliyomwagika. "Wa pensheni wamemwua. Wa benki wamemwua, nikapeleka na cheti. Wa umeme wamebadilisha jina. Kila ninapokwenda wananiambia pole Hajja, wanapiga mhuri. Wewe peke yako ulikuwa hujamwua. Leo unakuja kunywa kahawa yangu na kunitaka nikupe kisu."

Neziha aliona aibu, na aibu ile ilimchoma kuliko ya bodi. Alikuwa amedhani kwa kunyamaza alimfanyia mjane huyu wema. Kumbe alimweka mlangoni kumngoja mtu asiyerudi.

"Kuna bwana mmoja Meknès," alisema. "Miti yake michanga inakauka, safu nzima. Alikitilia shaka kipimo. Akaona jina la Profesa, akamwaga."

"Jina la Taoufik?"

"Alisema kama si jina lile asingemwaga."

Lella Emna aliliweka jiwe chini. Akauliza, "Miti ya umri gani?"

"Ndiyo kwanza inashika."

"Hiyo ndiyo aliyokuwa akiipenda. Mikubwa alisema inajitafutia." Akapangusa maganda kwenye sinia kwa kiganja, taratibu, mpaka likawa safi. "Anis nitamwambia mwenyewe ninavyomwona, hilo niachie. Wewe andika. Lakini mwandike kama mtu aliyekufa, mwanangu. Usimwandike kama mtu aliyefutwa."

Neziha aliandika kesho yake asubuhi, ofisini, mlango wazi. Makala inaondolewa. Matokeo ya msimu wa tatu hayakupimwa, na yeyote asikifuate kipimo kilichotajwa. Profesa Taoufik Kallel alifanya kazi ya misimu miwili ya kwanza, na kazi hiyo ni sahihi. Alipofika hapo ilimbidi aandike "alifariki dunia", na tarehe, akaiweka kalamu chini. Alilia. Alilia kwa sauti, kilio kilichokuwa kimekaa ndani tangu kiangazi kile, hata mwalimu wa chumba cha pili akaja na glasi ya maji akarudi nayo. Kisha akaandika kwamba Profesa alifariki kabla ya msimu wa tatu, hakuufanya, hakuuona, hakuuidhinisha. Kwamba makala ilificha kifo chake, na mhariri alijua. Kwamba wahakiki hawakuhakiki, na mhariri alijua hilo pia. Akatia jina lake.

Siku hiyohiyo alimpigia Driss, na wenye vinu aliowajua mmoja mmoja. Wengine walimshukuru. Mmoja alimwuliza kwa nini wasomi hawawezi kukubaliana na maji yenyewe.

Bodi ilipokea tangazo na barua ya kujiuzulu katika kikao kimoja. Mwenyekiti alisifu ujasiri wake kwa muda mrefu, kisha akafungua ajenda inayofuata. Faili la Anis lilirudishwa kutoka Tunis. Alikutana na Neziha kwenye ngazi akageuka kama aliyesahau kitu juu, na pengine alikuwa amesahau. Mhariri mpya alipatikana mapema, na toleo lenye tangazo lilitoka kwa wakati.

Siku chache baadaye Lella Emna alipiga simu.

"Nimeisoma," alisema.

"Ndiyo, Lella."

"Tarehe umeipatia. Umeitaja na kazi yake ya kweli. Nimetoka makaburini sasa hivi. Nimemsomea Fatiha. Ya kwanza hiyo, mwanangu, niliyomsomea peke yangu. Nilikuwa naanza, naishia njiani. Niliona haya kumwombea kama maiti mtu ambaye juzi tu katoa makala."

Neziha alivua miwani.

"Upo?"

"Nipo, Lella."

"Ijumaa nitakwenda tena. Njoo na gari lako, na mlango ule nitaufungua mimi kwa nje."

Ijumaa walikwenda pamoja.